Kinachotikisika ni Nini? Siku Saba Nikizifuata Ala za Muziki

Jumanne, Brussels

Kabla sijapanda ndege nilimpigia simu mwalimu wangu, mzee aliyenifundisha kupuliza nzumari nikiwa na miaka 11.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, unakwenda kuziangalia hizo ala au kuzisikiliza?"

Nikamwambia yote mawili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ukifika mbele ya ala usiyoijua, usianze na jina lake. Uliza kinachotikisika ni nini. Kila jioni uniambie."

Mimi nafundisha vijana muziki, na somo langu la kwanza huwa ni lile lile mwaka hadi mwaka: ala ziko za aina tatu, za kupiga, za kupuliza na za nyuzi. Ndivyo nilivyofundishwa na sikuwahi kuuhoji mgawanyo huo. Leo haijafika hata adhuhuri, na tayari umeanza kuniponyoka.

Makumbusho ya Ala za Muziki ya Brussels yamo katika jengo la chuma na vioo lililokuwa duka kubwa, Old England, kazi ya msanifu Paul Saintenoy ya mwaka 1899. Ala zilihamia humo mwaka 2000, ila makumbusho yenyewe yalianzishwa 1877, yakiwa sehemu ya chuo cha muziki ili wanafunzi wazione ala za kale kwa macho yao. Ukiingia unapewa hedifoni. Unasimama mbele ya kabati, na ala iliyofungiwa nyuma ya kioo inaanza kulia masikioni mwako.

Kabati lililonigandisha ni la sarangi ya India. Mwili wake ni gogo moja lililochimbwa, tumbo limewambwa ngozi ya mbuzi, na juu yake zinapita nyuzi tatu nene za utumbo. Hizo ndizo zinazopigwa kwa uta. Mpigaji hazikandamizi kwa ncha za vidole kama afanyavyo mpiga fidla. Anazisukuma kwa ubavu kwa ile nyama ya juu ya ukucha, pale ukucha unapoota. Chini ya nyuzi hizo tatu kuna nyingine nyembamba za chuma, zaidi ya 30, na hizo hakuna anayezigusa. Zimelinganishwa na noti za wimbo, na noti ikilia juu, uzi wa chini wenye noti hiyo hiyo unaitikia wenyewe. Nilifumba macho. Kwanza nikasikia kitu kinachokaribia sana koo la mtu, kisha nyuma yake, kama kutoka chumba cha pili, waitikiaji.

Sasa hiyo niiweke wapi? Ni ya nyuzi, sawa. Lakini ngozi nayo inatikisika, na nyuzi nyingi zaidi zinalia bila kuguswa na mtu.

Ala za India zina nafasi ya pekee katika nyumba hii. Mwaka 1876 Raja Sourindro Mohun Tagore alimzawadia Mfalme Leopold wa Pili ala za kwao zipatazo 100, na zawadi hiyo ikawa moja ya mafungu mawili ambayo makumbusho yaliyaanzia. Msimamizi wa kwanza, Victor-Charles Mahillon, alikuwa mtoto wa fundi wa ala. Alipoanza kuchapisha orodha yake mwaka 1880 aliuacha mgawanyo wa Ulaya, ambao ndio huu wangu, akagawa ala makundi manne kwa kufuata kile kinachozaa sauti: mwili wa ala wenyewe, ngozi, uzi, au hewa. Wahindi walikuwa na mgawanyo wa makundi manne hayo hayo karne nyingi kabla yake, katika maandishi yao ya kale ya sanaa za jukwaani: *ghana*, *avanaddha*, *tata* na *sushira*. Nilisimama pale nikiwaza jinsi ala zilivyovuka bahari zikiwa na fikra zake ndani.

Jioni nikampa mwalimu jibu la sarangi. Akataka nimwelezee tena ile habari ya ukucha, mara mbili.

Jumatano, Brussels bado

Nimerudi kwa sababu jana sikuzitendea haki ala za Afrika.

Balafoni ya Afrika Magharibi inafanana na marimba tunazozijua: vibao vya mti mgumu, chini ya kila kibao kibuyu. Niliinama hadi paji la uso likagusa kioo. Kila kibuyu kimetobolewa tundu dogo ubavuni, na tundu limezibwa kwa utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Kwa desturi utando huo hutolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Ukigonga kibao, hewa ya ndani ya kibuyu inausukuma ule utando nao unavuma. Bila utando noti inatoka safi, fupi, na kavu. Ukiwepo, noti inapata mkwaruzo unaoifikisha mbali.

Mbira ya Washona ina jambo lile lile. Ndimi zake za chuma, 22 au zaidi, zimepangwa juu ya ubao mnene, na mpigaji huzibonyeza kwa vidole gumba na kidole cha shahada. Kwenye ubao hufungwa makombe ya konokono, na siku hizi vifuniko vya chupa, ili vitetemeke. Ala yote huingizwa ndani ya kibuyu kikubwa, na ukingo wa kibuyu nao hupambwa kwa vifuniko hivyo hivyo. Nimewahi kumsikia fundi wa studio akiomba vivuliwe kwa sababu "vinachafua sauti". Nilikuwepo na sikusema neno, na leo, mbele ya kabati hili, najua ningepaswa kusema. Aliyeitengeneza mbira aliutafuta mvumo ule kwa makusudi. Ukiuondoa, umebaki na noti tu.

Na mbira ni ya kundi gani? Vijana wangu wangesema ya kupiga, wengine wangesema inafanana na ya nyuzi kwa sababu inadonolewa kwa vidole. Watafiti wawili, Erich von Hornbostel wa Austria na Curt Sachs wa Ujerumani, walilijibu swali hilo mwaka 1914 walipoupanua mgawanyo wa Mahillon na kuupa namba, kama zile za vitabu vya maktaba. Mbira ni 122. Tarakimu ya kwanza, 1, inasema kinachotikisika ni mwili wa ala wenyewe. Ya pili, 2, inasema unatikiswa kwa kudonolewa. Ya tatu inamalizia kuwa ni ndimi, si fremu. Nimeandika 122 kwenye kiganja kwa kalamu. Kwa namba tatu swali la mwalimu limejibiwa, na halikumtaja mtu, nchi, wala kabila.

Ghorofani nikakutana na sheng ya China, fungu la mianzi 17 lililosimamishwa juu ya bakuli dogo lenye mdomo. Ndani ya mianzi inayolia kuna ulimi mdogo wa chuma, ulioshikwa upande mmoja tu, unaopita ndani ya tundu lake bila kugusa kingo. Unalia ukipuliza na unalia ukivuta pumzi. Ulaya ilianza kuuchunguza ulimi wa aina hiyo karne ya 18, na mwaka 1829 Cyrill Demian wa Vienna akasajili akodiani, ambamo viriba vimechukua nafasi ya mapafu. Kwa hiyo kila akodiani iliyowahi kuongoza taarabu ina jamaa yake katika mianzi ile 17.

Nilipita haraka kwenye ngoma. Ngozi ni ngozi, inajieleza. Sikusimama sana pia mbele ya Componium ya Dietrich Winkel ya mwaka 1821, kinanda cha mashine chenye mapipa mawili yanayopokezana: moja likilia, jingine linasogea kwa bahati nasibu kuchagua kitakachofuata, na muziki unajitunga bila mtu. Mwalimu aliposimuliwa aliuliza, "Sasa anayepumua ni nani?" Sikuwa na jibu.

Alhamisi, Dinant

Saa moja na nusu kwa treni kuelekea kusini, mji mdogo uliobanwa kati ya jabali na mto Meuse. Hapa alizaliwa Adolphe Sax, aliyebuni saksafoni, tarehe 6 Novemba 1814. Juu ya daraja wamesimamisha saksafoni kubwa za rangi, na penye mtaa wa kwao kuna chumba kidogo cha kumbukumbu ambacho nilikimaliza kwa dakika 20.

Kwa hiyo nilikaa kando ya mto nikitafakari ala yenyewe, maana saksafoni ndiyo inayowachanganya wanafunzi wangu kuliko zote. Ni ya shaba, inang'aa kama tarumbeta, basi huiweka pamoja na tarumbeta. Kumbe shaba haina kauli hapo. Katika tarumbeta kinachotikisika ni midomo ya mpigaji. Kwa hiyo siwa ya Pate, ambayo ni ya pembe za ndovu, siwa ya Lamu, ambayo ni ya shaba, baragumu la pembe ya mnyama, kombe la bahari na yidaki ya Waaborijini wa Australia, gogo la mkalitusi lililotafunwa ndani na mchwa, zote ni ndugu wa tarumbeta. Saksafoni haimo humo. Mdomoni ina ulimi wa tete, kama klarineti, na ulimi huo ndio unaoitikisa hewa ya ndani.

Tofauti yake na klarineti imo kwenye umbo la mrija. Mrija wa klarineti una upana karibu ule ule kutoka juu hadi chini. Ukiulazimisha kurukia sauti ya juu, hautui kwenye oktava, yaani noti ile ile kwa juu, unapita hadi noti ya 12, ndiyo maana vidole vya juu na vya chini havifanani na anayejifunza huteseka. Sax alichukua mdomo wa aina ile na kuuweka kwenye mrija unaopanuka tangu mwanzo hadi mwisho. Mrija wa namna hiyo ukiruka unatua kwenye oktava kamili, na vidole vinabaki vile vile. Mara ya kwanza nilipoazimwa saksafoni, vidole vyangu vilijua pa kwenda na sikuelewa kwa nini. Leo, kwenye benchi la Dinant, nimeelewa. Nzumari nayo inapanuka.

Baba yake alikuwa fundi wa ala, na mtoto alikulia kwenye karakana. Wanasimulia kwamba utotoni alianguka ghorofani, akameza sindano, akaungua, na karibu azame, hata majirani wakamhesabu kuwa wa kufa. Alihamia Paris mwaka 1842, na mwaka 1846 akapata hati ya ubunifu wa saksafoni, si moja bali familia nzima, kuanzia ndogo kabisa hadi ile ya besi. Washindani wake walimwandama mahakamani miaka mingi. Alifilisika mara tatu. Alifariki 1894, kabla ala yake haijafika mikononi mwa wale wa Marekani waliokuja kuionyesha dunia inaweza nini. Hilo limenikaa kifuani njia nzima ya kurudi. Hakuwahi kuisikia ikilia hivyo.

Ijumaa, Paris

Siku fupi, treni ya asubuhi na makumbusho ya muziki mchana.

Oktobasi ya Jean-Baptiste Vuillaume, ya mwaka 1850 hivi, ni fidla kwa sura lakini ina urefu wa mita 3.48. Ina nyuzi tatu. Mkono wa binadamu haufiki pa kuzibania, kwa hiyo mpigaji anasimama juu ya jukwaa lake na kusukuma wenzo na pedali zinazobana uzi kwa niaba yake. Chini ya kiwango fulani sikio haliipokei tena kama noti, linahesabu mapigo. Sikuisikia ikipigwa, niliitazama tu, na bado nilihisi tumbo likijiandaa.

Chumba cha pili kuna gamelani ya Java iliyofika Paris mwaka 1887: upatu mkubwa na mdogo, safu za vibao vya shaba, vyungu vya shaba vilivyolazwa kifudifudi. Miaka miwili baadaye, kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1889, mtunzi Mfaransa Claude Debussy aliwasikia wapigaji wa Java wenyewe katika jiji hili hili, na hakuacha kuwazungumzia. Gamelani haikazwi kulingana na kinanda wala na gamelani nyingine. Seti moja huzaliwa pamoja na kulingana yenyewe kwa yenyewe, na kibao cha seti hii ukikipeleka kwenye seti ile kitakuwa mgeni. Kule Bali huzitengeneza mbili mbili na kuziachanisha kwa makusudi, moja juu kidogo ya mwenzake, ili zikigongwa pamoja sauti ipande na kushuka. Wanaliita hilo *ombak*, wimbi.

Nikamwambia mwalimu. "Mawimbi," akasema. "Sisi tukisikia hivyo tunamwambia mtu akalinganishe ala yake." Kisha, baada ya muda: "Labda tuliharakisha."

Jumamosi, njiani

Treni ya Paris hadi Milan imekula sehemu kubwa ya siku, kisha nyingine ndogo hadi Cremona. Milimani misonobari imesimama mistari mistari. Mbao za uso wa fidla hutoka kwa jamaa yake anayeitwa spruce, anayeota juu kwenye baridi, na kwa kuwa anakua polepole pete zake zinabanana na ubao wake unakuwa mwepesi na mkakamavu kwa pamoja. Msitu unaosifika zaidi kwa hilo ni Paneveggio, kaskazini mashariki mwa Italia. Dhoruba ya Oktoba 2018 iliangusha miti mingi mno ya eneo hilo.

Nilishuka Cremona jua likizama. Kengele ya Torrazzo, mnara wa matofali wenye mita 112 hivi, ikagonga. Kundi la 1, nikasema peke yangu barabarani.

Jumapili, Cremona

Katika mji huu Andrea Amati alitengeneza fidla karne ya 16, na hapa hapa wakafuata akina Guarneri na Antonio Stradivari, aliyefariki 1737 akiwa ametengeneza ala zinazokadiriwa kuwa zaidi ya 1,000. Karibu 650 bado zipo. Makumbusho ya Fidla yalifunguliwa 2013, na ala zake hazikai tu kwenye vioo. Hutolewa na kupigwa.

Mwanzoni mwa 2019 sauti za baadhi yake zilirekodiwa noti kwa noti kwa wiki tano, maana ala huzeeka na siku moja zitakuwa dhaifu mno kupigwa. Maikrofoni zilikuwa nyeti kiasi kwamba meya aliwaomba wakazi wapunguze kelele, na barabara zilizo jirani zikafungwa kwa magari. Nimezipita barabara hizo leo taratibu. Mji mzima kutembea kwa kunyata ili noti moja isikike, sijui heshima kubwa zaidi ya hiyo kwa ala.

Na papo hapo kuna jambo jingine la kweli. Mwaka 2010, katika chumba cha hoteli Indianapolis, wapiga fidla 21 walivishwa miwani ya giza wakapewa fidla sita, tatu mpya na tatu za zamani, zikiwemo za Stradivari. Wengi walichagua mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Nimeyaweka mambo haya mawili kichwani siku nzima na siyaoni yakipigana. Kilichorekodiwa hapa hakikuhitaji kuwa bora kuliko vyote. Kilihitaji kutopotea.

Jumatatu, Cremona

Makumbusho yamefungwa, karakana ziko wazi. Ziko zaidi ya 100 katika mji huu, nyingine zina upana wa mlango na dirisha tu. Fundi aliyenikaribisha ni mwanamke wa makamo. Tulielewana kwa Kiingereza changu na mikono yake.

Alishika uso wa fidla ambao haujaunganishwa, kwa vidole viwili tu, akausogeza sikioni na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Ukatoa noti. Akaupangusa kwa randa ndogo kama kidole gumba, unga wa mbao ukaanguka, akagonga tena. Noti ilishuka. Alirudia mara nyingi, na kila mara alisikiliza kama mtu anayesubiri jibu la simu.

Kisha akanionyesha fidla iliyokamilika, ya mteja, iliyoletwa kwa sababu "imefunga". Ndani yake, chini ya daraja linalobeba nyuzi, kuna kijiti cha spruce kinene kama penseli nyembamba, kimesimama kati ya uso na mgongo. Hakikugundishwa. Kinashikwa na mkandamizo tu. Ndicho kinachoupeleka mtikisiko wa uso hadi mgongoni. Kwa namba za Hornbostel na Sachs fidla ni 321.322-71, ambapo 3 ni uzi na 71 ni uta, na namba hiyo imeandikwa sahihi kabisa, na kijiti hakimo ndani yake.

Nikampigia mwalimu mapema, nikaomba ruhusa, nikaiweka simu juu ya benchi.

"Shikamoo, mwalimu. Sikiliza."

Fundi akavuta uta kwenye uzi mnene, bila kubana. Sauti ilikuwa nzuri, iliyokaa mbele ya ala. Akachukua chuma kilichopindwa kama herufi S, akakipenyeza kwenye tundu la uso, akachungulia kwa jicho moja, akakigonga kijiti kwa ndani, mara moja. Akavuta uta tena, uzi ule ule.

Kwenye simu palikuwa kimya.

"Mara ya pili amesogeza nini?" mwalimu akauliza.

"Kijiti cha ndani. Pungufu ya unene wa ukucha."

"Kinaitwaje?"

Nikamuuliza fundi, ingawa nilikuwa nimeshasoma. Akaweka kiganja kifuani na kusema *anima*.

"Wanakiita roho, mwalimu."

"Aa." Nikamsikia akivuta kiti. "Mwambie apige tena."